Hongera, Wapika Chapati wa Makongeni

Makongeni ni mtaa uliojengewa watu wa reli, lakini anayeuamsha asubuhi ni mpika chapati: jiko la makaa, ubao, kifimbo, na foleni ya watu wa mjengo.

Unga wa chapati ni wa ngano, na Kenya hailimi ngano ya kuitosha; nyingi huagizwa, na Urusi ni miongoni mwa wauzaji wakubwa. Vita vya Ukraine vilipopamba moto mwaka 2022, unga ulipanda bei, naye mpika chapati akabanwa kati ya mwenye duka na mteja wa sarafu chache. Wengine waliongeza bei, wengine wakapunguza donge. Mimi niko na walioongeza bei. Chapati inayopenyeza mwanga haimfikishi mtu saa saba.

Warusi hao wanaotuuzia ngano, ambao desturi yao ni kumpokea mgeni kwa mkate na chumvi, wangemwelewa mpika chapati. Hata Moscow, kando ya stesheni, bibi wazee huuza viazi na mboga za bustani zao ili kuongezea pensheni. Wa kwetu pensheni hana. Ana daftari: unakula leo, unalipa Ijumaa, na mchuzi wa madondo anakuongezea bila kuombwa.