"Mbwa Yangu Imepotea": Sarufi na Uakifishaji wa Hadithi za Watoto kwa Wasomaji wa Nchi Jirani

Makala haya yanahusu hadithi fupi za Kiswahili zinazosomwa na watoto ambao Kiswahili si lugha yao ya nyumbani, hasa watoto wa Uganda, Rwanda na Burundi. Msukumo wa kisera unafahamika. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha utekelezaji wa uamuzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu Kiswahili, na likapendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Sera ikishatangulia, vitabu hufuata mbio, na kitabu kinachotoka upesi kuliko vyote ni hadithi ya picha yenye kurasa kumi na sita, mara nyingi ikiwa imetafsiriwa kutoka Kiingereza. Hoja yangu ni kwamba orodha ya makosa tunayompa mhariri wa vitabu hivi iliandaliwa kwa ajili ya msomaji mwingine.

Mtoto wa Unguja au wa Tanga akikuta kosa kitabuni, sikio lake hulisahihisha kabla jicho halijafika mwisho wa mstari. Amekwisha kulisikia umbo sahihi jikoni, sokoni na uwanjani. Mtoto wa Mbarara au wa Huye hana akiba hiyo. Kwake kitabu ndicho kinachosema, na kilichochapwa ndicho kanuni. Kwa hiyo makosa hayana uzito mmoja: lipo kosa linalochafua ukurasa tu, na lipo linalofundisha. Mifano iliyomo humu nimeitunga mwenyewe kwa kufuata aina za makosa ninazokutana nazo, ili pasiwe na mwandishi wala mchapishaji anayenyooshewa kidole.

Tuanze na upatanisho wa kisarufi wa wanyama, kwa kuwa hapo ndipo penye madhara makubwa. Katika Kiganda mtu husema *embwa yange*, na katika Kinyarwanda *inka yanjye*: kivumishi cha kumiliki hufuata ngeli ya nomino yenyewe, na kitenzi vilevile. Kiswahili sanifu hakiendi hivyo. Uhai wa kiumbe huishinda ngeli ya jina lake, nasi husema "mbwa wangu amepotea", "kifaru anakunywa maji", "nyuki wamehama". Mwandishi wa Kampala anapoandika "Mbwa yangu imepotea", hakuandika kwa uzembe. Ameifuata mantiki ya lugha yake, ambayo ni mantiki kamili ya Kibantu. Sentensi hiyohiyo husikika kila siku katika mitaa ya Nairobi, hivyo hata mhariri aliyezoea Kiswahili cha mjini anaweza kuipita bila kushtuka.

Sasa tazama hadithi za watoto zinamhusu nani. Zinamhusu sungura, fisi, simba, kobe, mbuzi na nyani. Yaani utanzu huu, kuliko utanzu mwingine wowote, umejengwa juu ya nomino zilezile ambazo Kiswahili kinatofautiana nazo na lugha za jirani. Katika kitabu cha hesabu au cha afya kosa hili litatokea mara moja moja. Katika hadithi ya sungura linaweza kurudi katika kila sentensi, na mtoto akafunga kitabu akiwa na kanuni iliyopinda.

Jambo lenyewe halikomei hapo. Tunasema "mbwa wangu" lakini "rafiki yangu". Na ikiwa rafiki huyo ni mbwa, ukurasa mmoja utabeba yote mawili, tena kwa usahihi. Mhariri asiyekuwa makini atasawazisha, aandike "rafiki wangu". Katika wingi, wapo wasemao "ng'ombe zetu" na wapo wasemao "ng'ombe wetu". Maumbo yote mawili yana watetezi, na kinachotakiwa ni kitabu kuchagua moja na kushikamana nalo. Halafu kuna zimwi na jitu. Msimulizi wa pwani akisema "zimwi likaja, likanusa, likacheka", hajakosea. Kiambishi kile ndicho kinachomtoa zimwi katika jamii ya watu na kumfanya wa kutisha. Nimeona wahariri wakibadilisha kila *li-* ya aina hii kuwa *a-* kwa jina la usanifu, na hadithi ikapoa. Vivyo hivyo kwa "kitoto kinalia", penye udogo au kejeli. Kwa vitu vilivyopewa uhai, kama chungu kinachobishana na mwiko, mwandishi anaweza kuandika "Chungu akasema" au "Chungu kikasema". Mimi huipenda ya kwanza pale ambapo Chungu ni mhusika mwenye jina. Lisilokubalika ni kuanza na moja ukurasa wa pili na kumaliza na nyingine ukurasa wa kumi.

Katika uakifishaji, alama inayopuuzwa isivyostahili ni kiulizi. Kiswahili hakibadilishi mpangilio wa maneno kuunda swali la ndiyo au siyo. "Umemwona chui" ni taarifa au ni swali. Hutofautishwa na kiimbo mdomoni na kwa kiulizi kitabuni. Kiulizi kikisahaulika baada ya "Unakwenda wapi", neno "wapi" litaokoa maana. Kikisahaulika baada ya "Umemwona chui", swali lenyewe limefutika. Tena alama hiyo huja mwishoni, wakati mtoto anayesoma kwa sauti ameshapanda na kushuka kwa kiimbo cha taarifa. Ndiyo maana "Je," pamoja na mkato wake lina kazi kubwa katika vitabu vya madaraja ya chini, kwani humwonya msomaji mapema. Kinyume chake ni kiulizi kinachowekwa mahali si pake, katika usemi wa taarifa: "Alimuuliza kama chui amepita?" Hapo hakuna swali linaloulizwa. Kuna taarifa kwamba swali liliulizwa.

Ritifaa nayo ina mkasa wake. Katika Kiganda na Kinyarwanda alama hiyo huonyesha vokali iliyodondoshwa, kama katika *n'abaana* na *n'abana*. Katika Kiswahili *ng'* ni sauti moja, na asiyeambiwa hivyo atakiona kipande cha "ng" kilichopoteza kitu. Mchapaji akiiacha, "ng'ombe" husomwa kwa sauti ya "ngoma". Wachapishaji wanaotumia alama za mtajo za mkwaju mmoja huzidisha tatizo: katika 'Ng'ombe wangu yuko wapi?' mtoto hukuta usemi umefungwa baada ya herufi mbili. Programu za kompyuta nazo huigeuza ritifaa ikawa na umbo la alama ya kufungia usemi. Dawa yake ni rahisi na haina gharama: usemi halisi wote katika vitabu vya watoto uwekwe katika alama za mikwaju miwili.

Makosa ya kutenganisha na kuunganisha maneno ("ana kuja", "kwasababu") ninayapita haraka, maana ndiyo wahariri wanayoyajua na kuyasaka. Kuhusu *r* na *l* nitasema hili tu: katika Kiganda sauti hizo hugawana mazingira na hazitofautishi maana, lakini katika Kiswahili "kalamu ya Sungura" na "karamu ya Sungura" ni hadithi mbili. Kosa la aina hiyo lisihesabiwe kuwa la chapa.

Limebaki kosa ambalo halionekani katika sentensi yoyote ikisomwa peke yake. Tafsiri nyingi huandika hivi: "Sungura aliamka. Alinawa uso. Alitoka nje. Aliona nyayo." Kila sentensi ni sahihi, lakini hakuna anayesimulia. Msimulizi wa Kiswahili hufungua kwa *-li-* kisha akaendesha kwa *-ka-*: "Sungura aliamka, akanawa uso, akatoka nje, akaona nyayo." Mtafsiri anayeukata mtiririko huo kwa nukta, akifuata nukta za Kiingereza, anamnyima mtoto chombo cha kusimulia, na pamoja nacho tofauti ya "alikula" na "akala", ambayo haielezeki vizuri ubaoni. Hapa sarufi na uakifishaji havitenganiki. "Fisi alimwona Simba akila" inamweka Simba mezani. "Fisi alimwona Simba, akala" inamweka Fisi. Kilichowabadilisha walaji ni vokali moja na mkato mmoja.

Kwa washauri wa sera waliomo katika kongamano hili, ninayo maombi mawili. La kwanza ni kwa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar: itoe mwongozo mfupi wa uhariri wa hadithi za watoto kwa nchi ambako Kiswahili ni lugha ya pili, ukipanga makosa kwa madhara yake na ukionyesha pia yasiyo makosa, kama zimwi lilivyo hapo juu. La pili linahusu zabuni za vitabu vya shule. Masharti ya zabuni yadai kwamba kabla ya kupiga chapa, hadithi isomwe kwa sauti na mtu asiyeitafsiri, mbele ya watoto wasiozungumza Kiswahili nyumbani. Pale wanapokwama, au wanapokosea kiimbo, patiwe alama na pafanyiwe kazi. Hadithi ya mtandaoni inaweza kusahihishwa usiku mmoja. Nakala zilizokwisha kupelekwa shuleni zitasomwa mpaka majalada yake yatoke.