Sikio la Mwainishaji

Nyenje wadogo wa ardhini si rahisi kuwatambua kwa macho. Wengi hawafiki hata milimita 12, rangi yao ni ya udongo na majani makavu, na ukipiga hatua moja tu wamesharuka. Lakini mweke mmoja chini ya hadubini, utaziona alama za ukoo wake: miundi ya miguu ya nyuma ina miiba mirefu yenye vinyweleo, inayocheza mashinani, masikio yapo kwenye miundi ya mbele, jike ana mrija wa kutagia mayai. Hao ndio Nemobiinae.

Kuujua ukoo si kumjua mwenyewe. Mtaalamu wa wadudu De Geer aliandika juu ya nyenje mwenye milia wa Marekani mwaka 1773, na kwa vizazi vingi jina lake, fasciatus, liliwafunika wengine waliofanana naye. Katika makumbusho, wadudu waliokaushwa hawakuonyesha mpaka ulio wazi. Ndipo B. B. Fulton alipotega sikio nyasini na msituni, akachapisha utafiti wake mwaka 1931. Mwaka 1959 Richard Alexander na Edward Thomas walithibitisha kuwa nyenje hao ni wa spishi tatu. Fasciatus wa nyasi zenye unyevu hutoa mlio wa kukatakata. Allardi wa viwanja vikavu hulia mfululizo, haraka. Tinnulus wa majani yaliyoanguka msituni hulia mfululizo pia, ila polepole, kama kengele ndogo.

Kutambua spishi kwa mlio ni kazi ya ustadi mkubwa. Joto likipanda, nyenje huharakisha mlio; kwa hiyo anayelinganisha milio bila kupima joto hujidanganya. Lazima pia amkamate yuleyule aliyemsikia, ili sauti na mwili viandikwe pamoja.

Naiheshimu kazi hii kwa sababu haimlazimishi mdudu kuingia katika visanduku vyetu. Dume husugua mabawa yake, ukingo mgumu wa moja ukipita juu ya meno ya jingine, naye jike hufuata mlio wa spishi yake. Mpaka ule ulikuwepo, wakiutunza nyenje wenyewe, kabla ya kitabu chochote kuandikwa. Mwainishaji bora ni yule anayeuheshimu mpaka huo kwanza, kisha ndipo anapotoa jina.