True Grit: Kesi ni ya Mattie, si ya Rooster

Wapenzi wa sinema za kauboi wakianza kubishana kuhusu True Grit, huanzia kwa Rooster Cogburn na kuishia hapohapo: nani mkali, John Wayne wa 1969 au Jeff Bridges wa 2010? Ubishi mtamu, ila unamruka aliyezibeba filamu zote mbili. Riwaya ya Charles Portis, iliyotoka 1968, ni ya Mattie Ross, binti wa miaka 14 kutoka Arkansas anayemkodi Rooster, askari mzee, mlevi na chongo, ili wamsake Tom Chaney aliyemuua baba yake. Mwongozaji akishampata Mattie wake, nusu ya filamu imeshaamuliwa.

Henry Hathaway, mwongozaji wa ile ya 1969, alimpa nafasi hiyo Kim Darby, aliyekuwa na miaka 21. Walimkata nywele zikawa fupi kama za mvulana, lakini macho ya mtazamaji hayadanganyiki: huyu ni mtu mzima. Joel na Ethan Coen walipoirudia hadithi, walisaka msichana wa umri wenyewe mpaka wakamfikia Hailee Steinfeld, miaka 13.

Tazama Mattie anavyobishana na Stonehill, mfanyabiashara wa farasi. Hapa ulinganisho ni wa haki, maana matoleo yote mawili yamechota mazungumzo kwa Portis. Mattie anamtaka mzee awachukue tena farasi wafupi aliomuuzia marehemu baba yake, kisha alipe na farasi aliyeibwa kwenye banda lake. Kwa Darby tunaona dada jasiri anayedai chake, na tunampenda kwa hilo. Steinfeld hadai, anasoma hesabu. Anatamka upesi, sauti haipandi, uso hausogei, na kila akimtaja wakili wake, mzee anazidi kulegea. Kicheko kinatoka kwenye pengo kati ya umri wake na lugha ya mahakamani inayomtoka mdomoni. Darby hana pengo hilo, hata angeigiza vizuri namna gani.

Umri huohuo unageuza pia tukio la La Boeuf, askari wa Texas, anapomchapa Mattie kwa fimbo kwa kuwafuata yeye na Rooster. Mwaka 1969 La Boeuf ni mwimbaji Glen Campbell, na fimbo inamwangukia mwanamke kijana. Kuna harufu ya utani wa kimapenzi hapo, na Rooster anapomzuia tunacheka. Matt Damon anapofanya jambo hilohilo kwa mtoto, hakuna anayecheka. Bastola ya Rooster inapotoka, unaona kweli imechelewa.

Tofauti nyingine kubwa ni namna stelingi anavyoingia. Wayne anaonekana mchana kweupe akiwashusha wafungwa kwenye gari, kana kwamba Hathaway anatuambia: mnayemsubiri huyu hapa. Akina Coen wanamficha. Kwanza tunasikia sauti yake kutoka chooni, mlango umefungwa, Mattie yuko nje akigonga. Baadaye binti anajipenyeza kwenye umati mahakamani, na Bridges yuko kizimbani huku mwanga wa madirisha ukitokea nyuma yake. Mpiga picha Roger Deakins hana haraka ya kutupa uso. Tunamjua Rooster kwa kadiri Mattie anavyomjua.

Hata hivyo, pambano la Rooster peke yake dhidi ya majambazi wanne namwachia Hathaway bila kusita. Wayne, aliyekwisha kuvuka miaka 60, anabana hatamu kwa meno, anazungusha bunduki kwa mkono mmoja na bastola iko mkono wa pili, huku mpiga picha Lucien Ballard akiuacha uwanda wote uonekane. Bridges anabeba bastola mbili kama ilivyo kitabuni, na tukio limekatwa vizuri, ila halikupi ile hamu ya kusimama. Kwamba milima ile ya Colorado haifanani kabisa na nchi inayosimuliwa, Hathaway hakujali, na nadhani alikuwa sahihi.

Mwisho ndio unaoeleza kila upande ulikuwa ukitengeneza nini. Mattie anapoumwa na nyoka, filamu ya 1969 inamponya, mkono wake ukiwa umefungwa tu, kisha inamwacha Wayne aruke ua akiwa juu ya farasi. Ya 2010 inamkata mkono kama Portis alivyoandika, na robo karne baadaye yeye ndiye anayetusimulia, mkavu na asiyeomba huruma. Ya kwanza ni zawadi kwa nyota. Ya pili ni ushahidi wa binti, na kwangu ndiyo filamu bora, ingawa Rooster bora yuko kwenye ile nyingine.

Wayne aliipata Oscar yake ya uigizaji kwa Rooster. Steinfeld, aliyemo karibu kila tukio, aliteuliwa kama mwigizaji msaidizi na akakosa. Filamu yenyewe iliteuliwa mara 10, ikatoka mikono mitupu.