Mvua ndani ya Kichupa: Mafuta Mazuri Yaliyonizuzua Makongeni

Yananukia mvua! Simaanishi maua yaliyolowa, wala ile sabuni yenye picha ya maporomoko ya maji kwenye karatasi. Nasema mvua yenyewe, ile ya kwanza ya Machi inapoangukia udongo uliokauka tangu Januari na watoto wakatoka nje mbio huku mama zao wakianua nguo. Nimefungua kizibo, nimepaka tone moja kwenye kiwiko kwa ndani, na hapa mlangoni pangu Makongeni, Nairobi, Julai hii ya mawingu yanayotisha bure bila kudondosha kitu, pua yangu inaapa kwamba kumenyesha. Nimetazama hata paa la jirani kuhakikisha!

Kichupa chenyewe nimekipata kwa mama jirani aliyempeleka mumewe India kutibiwa. Wengine hurudi na vitenge vya hariri. Yeye alirudi na vichupa, Mungu amzidishie. Mafuta haya hutengenezwa Kannauj, mji wa jimbo la Uttar Pradesh uliojaa watengeneza manukato wa kurithishana, na huko huitwa mitti attar, yaani attari ya udongo. Sikiliza yanavyopatikana. Udongo mkavu hufinyangwa vigae, vigae vikachomwa tanurini, kisha vikatiwa ndani ya chungu kikubwa cha shaba pamoja na maji. Chungu huzibwa kwa udongo, moto ukawashwa chini yake, na mvuke ukapitishwa kwenye bomba la mwanzi hadi chombo cha pili kinachokaa majini. Ndani ya chombo hicho cha pili mna mafuta ya msandali, na hayo ndiyo yanayounywa ule mvuke wa udongo. Hakuna ua hata moja humo! Mwaka 1964 wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, walichapisha utafiti wao kuhusu harufu ya mvua kwenye jarida la Nature, nao wakakiri kwamba mafundi wa Uttar Pradesh walikwisha kuinasa harufu hiyo na kuiuza.

Kwenye ngozi yanakwendaje? Dakika za mwanzo ni tofali lililomwagiwa maji, baridi kabisa, na nyuma yake kuna kitu cha mtungi mpya. Wengine hukunja uso hapo. Subiri. Ngozi ikishayapasha moto, udongo unalegea na msandali unachomoza polepole, laini, wenye umaziwamaziwa. Niliyapaka asubuhi kabla ya chai, na wakati wa taarifa ya saa moja jioni bado nilikuwa nikijinusa mkono mbele ya watu. Katikati nilikaanga samaki, tena omena, na yalistahimili. Pafyumu gani ya kupuliza inayoweza kusimama mbele ya omena?

Hapo ndipo penye siri, na ndiyo sababu nataka kila mkazi wa Eastlands ayafikirie mafuta kabla hajatoa pesa kwa chupa ya kupuliza. Pafyumu ya kupuliza ni spiriti kwa sehemu kubwa. Spiriti inaporuka hubeba harufu na kuitangaza chumba kizima, halafu baada ya muda hadithi imekwisha. Mafuta hayana spiriti hiyo. Hukaa juu ya ngozi yakisubiri joto la mwili, na hutoka kidogo kidogo. Mtu wa mbali hasikii kitu. Anayekukumbatia ndiye anayefaidi. Sasa angalia tunavyoishi. Makongeni ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, nyumba zikapangwa mistari, ukuta kwa ukuta, jiko la huyu likipuliza moshi dirishani kwa yule. Ongeza dizeli ya Jogoo Road na chochote kile ambacho Industrial Area imeamua kutoa siku hiyo. Hewa yetu tayari ina watu wengi ndani yake. Kuipulizia wingu la dukani ni kumpigia jirani redio sikioni. Mafuta yana adabu.

Isipokuwa udi. Uuwi, udi!

Nilikwenda kuutafuta Eastleigh, nikikata Shauri Moyo na Pumwani kwa miguu, nikaingia kwenye duka lenye rafu za chupa za kioo hadi darini. Muuzaji, kijana mwenye ndevu zilizotiwa hina, aliniangalia, akaangalia chupa, akaniangalia tena.

"Dada, hii ni Hindi. Umewahi kupaka?"

"Bado. Lete."

"Lete mkono wewe. Na usisugue. Nasema usisugue!"

Akanigusisha ncha ya kijiti cha kioo, basi. Ncha tu. Na duka lote likawa zizi la ng'ombe. Sitanii: samadi, ngozi mbichi, majani makavu yaliyochacha. Niliporudi kwa matatu kupitia Jogoo Road makanga alisimama mlangoni akauliza abiria wote, "Nani amebeba mbuzi?" Nikatazama dirishani kama wengine.

Lakini jamani, mnaoacha hapo mnakosa! Mti wa udi, jamii ya Aquilaria ya Assam na Asia ya kusini mashariki, mbao zake zikiwa na afya hazina harufu ya maana. Ni hadi ujeruhiwe na kuvu waingie kwenye jeraha ndipo unapojitetea kwa kutoa utomvu mweusi, na utomvu huo ndio udi. Kabla ya kukamuliwa kwa mvuke, vipande vya mti huu hulowekwa majini kwa siku nyingi vikachacha, na kule kuchacha ndiko kunakoleta zizi. Zizi likishapita, na hupita, kinachobaki ni asali nyeusi, ngozi ya viatu vya zamani na moshi mtamu. Nilipopita soko la Burma jioni ile, kati ya majiko ya nyama choma, moshi wa mbuzi ukakutana na moshi wa mkononi mwangu na vikapatana kama ndugu. Hakuna manukato mengine niliyowahi kuona yakifurahia Burma. Asubuhi iliyofuata, baada ya kuoga, udi bado ulikuwapo.

Onyo moja la bei: Aquilaria malaccensis imo kwenye orodha ya miti ambayo biashara yake inadhibitiwa na mkataba wa CITES tangu 1995, na kipimo kidogo cha tola moja ya mafuta halisi kinaweza kuizidi kodi ya nyumba ya mwezi mzima huku kwetu. Ukiuziwa chupa kubwa ya "udi halisi" kwa bei ya nauli, umeuziwa kitu kingine. Huenda kikawa kizuri, lakini ni kingine.

Nikitoka kwenye zizi niende kwenye peremende: Choco Musk, ya kampuni ya Al-Rehab ya Saudi Arabia. Kichupa kidogo cha mililita 6 chenye kijipira mdomoni, unakibingirisha shingoni, kwisha. Chokoleti! Chokoleti ya unga, ya kopo, pamoja na vanila na mgongo wa miski. Nilitarajia kucheka na kuiweka kando. Badala yake nimeshindwa kuiacha. Watoto wa mlango wa tatu walinifuata hadi bombani wakiuliza nimeficha wapi biskuti, na mmoja akaapa kwamba anaziona mfukoni. Inafaa baridi hii sana. Haina mabadiliko makubwa kwenye ngozi. Ilivyo mwanzo ndivyo ilivyo mwisho, ila utamu hupungua na miski hubaki nyuma ikinong'ona.

Kuhusu miski hiyo, msiwe na wasiwasi juu ya paa wa Himalaya ambaye tezi yake ndiyo iliyokuwa chanzo cha miski ya zamani. Mwaka 1888 Mjerumani Albert Baur, akihangaika na kemikali za jamii ya baruti, alijikuta ametengeneza kitu chenye harufu ya miski, na tangu hapo maabara zimeendelea. Ile miski nyeupe inayouzwa kwenye maduka ya jirani na Msikiti wa Jamia, ya harufu ya shuka safi, ni mtoto wa maabara. Kuna ajabu yake pia: chembe za miski ni kubwa, na baadhi ya pua haziisikii kabisa. Nilimpaka rafiki yangu mmoja wa kwaya akaniambia nimempaka maji, na huku mama aliyekaa nyuma yake akigeuka kuuliza ni nini hicho kizuri. Kwa hiyo ukijipaka miski usisikie kitu, usijiongeze. Muulize mtu.

Langilangi nilikuwa na hamu nayo kuliko zote, na ndiyo iliyonitesa. Maua ya mlangilangi huchumwa alfajiri yakiwa na mafuta mengi, na visiwa vya Komoro vimejulikana duniani kwa zao hilo. Ndiyo harufu iliyomo hata ndani ya Chanel No. 5 ya 1921. Hukamuliwa kwa mvuke kwa saa nyingi, na mafuta yanayotoka mwanzo hutengwa na kuuzwa ghali kuliko yanayotoka mwisho. Haya yangu naamini yalikuwa ya mwanzo, maana yaliingia chumbani kabla yangu. Ndizi mbivu, asumini, kitu cha karafuu, na chini yake mpira mpya wa baiskeli. Mazuri! Mazuri ya kuumiza kichwa. Pwani, kwenye baraza lenye upepo wa bahari, au kitandani kwa bi harusi, naelewa kabisa. Kwenye chumba kimoja cha Makongeni chenye dirisha lililofungwa kwa baridi, nililazimika kutoka nje kukaa na paka. Tone moja kwenye pindo la kanga, basi, na kanga yenyewe uianike mbali kidogo.

Haludi niiseme kwa ufupi kwa sababu hutaipata kama niliyoipata mimi. Bibi mmoja wa Pumwani, Majengo, huichanganya mwenyewe: udi, waridi, zafarani, na vitu vingine viwili alivyokataa kunitajia. Kila mchanganyo wake hutofautiana na uliopita. Waridi hutangulia, zafarani huingia na uchungu wake wa dawa, udi hufunga. Ningekuwa na pesa ningeinunua sufuria nzima.

Kama umeshawishika, nenda Eastleigh au pembeni mwa Jamia na uombe robo tola, yaani mililita 3 hivi, maana tola moja ni gramu 11.66 na hakuna sababu ya kununua nzima siku ya kwanza. Pakwa kila mkono mafuta yake, kisha uondoke dukani. Muuzaji atakuambia bei itapanda kesho, mwache apandishe. Panda matatu, pika, fua, lala nayo, ndipo urudi. Kizibo hakisemi kweli, kwa sababu kinachonukia chupani ni zile dakika chache za mwanzo tu. Ngozi kavu huyameza mafuta haraka, kwa hiyo tangulia na jeli ya Arimis kidogo na utaona yanavyodumu. Usiyagusishe na shati jeupe, doa lake ni sugu. Na mtu akikunong'onezea kwamba ana mafuta ya msandali wa hapa hapa Kenya, mpungie mkono uende zako. Uvunaji wa msandali wetu wa porini ulipigwa marufuku mwaka 2007 kwa sababu miti ilikuwa inang'olewa na mizizi yake.

Kwa sasa hukumu yangu ni hii. Choco Musk kwa kila siku na kwa pesa ndogo. Udi Hindi kwa mtu jasiri asiyepanda matatu saa ya msongamano. Langilangi iende harusini. Lakini mafuta ya udongo wa Kannauj hayana mshindani, na mwenzetu yeyote anayesafiri kwenda India mwezi ujao tafadhali anitafute kabla hajafunga begi. Nitalipa pesa taslimu.