Nani Atapanda Ghorofa Kununua Chapati?

Picha za Kibera siku hizi zinafanana. Zimepigwa kutoka juu, huku mabati yenye kutu, kule ghorofa za serikali zimesimama mstari, na chini imeandikwa kwamba maisha yamebadilika. Mimi sijasomea usanifu, nimelipa kodi tu, lakini nyumba naisomea mlangoni.

Keja ya kawaida ya ploti Kibera ni futi kumi kwa kumi, au kumi na mbili kwa kumi na mbili. Fito, udongo, mabati. Kitanda, pazia, jiko, watu. Si nzuri, tusidanganyane. Mvua ikianza hamsikilizani, na choo kiko mbali kiasi cha kukufanya ufikirie mara mbili usiku. Ila angalia nje ya mlango. Hatua moja tu na uko kwa kichochoro, ambapo mama anakaanga samaki, fundi anashona, mtoto anaogeshwa kwa beseni. Nusu ya nyumba iko nje. Wazo hilo ni la zamani: nyumba ya Kiswahili kule Lamu ina baraza yake mbele, na zile za Majengo, Pumwani, zilikuwa na vyumba vya kupangisha kando ya ukumbi mmoja, ua nyuma. Ploti ni mjukuu maskini wa nyumba hiyo. Ukumbi alirithi, ua akanyang'anywa.

Sasa njoo Soweto East. Mradi wa KENSUP, wa serikali na UN-Habitat, ulianza kuhamishia watu ghorofa za Lang'ata mwaka 2009, na nyumba 822 zikakabidhiwa Kibera 2016. Zina maji, choo ndani, dirisha la maana. Anayedharau hayo hajawahi kupiga foleni ya choo cha kulipia. Lakini aliyechora alidhani nyumba ni mahali pa kulala. Biashara alizitengea vibanda pembeni, kana kwamba anayepika chapati na anayelea mtoto ni watu wawili tofauti. Mama wa ghorofa ya juu atamwacha mtoto juu na jiko chini? Na akipikia juu, mteja wa chapati ya asubuhi, anayekimbilia mjengo, atapanda ngazi zote hizo?

Kawangware hatungoji serikali. Landlord anabomoa mabati, anainua ghorofa za mawe, sita, saba, ukuta karibu uguse wa jirani. Hapa ndipo nakasirika kabisa. Badala ya ua kuna shimo la mwanga katikati, na mwanga wenyewe unaishia ghorofa za juu. Huku chini taa inawaka saa sita mchana, na tokeni unanunua wewe. Korido ni refu, milango inatazamana, huwezi kuweka hata stuli nje bila kuambiwa umeziba njia. Nguo zinapanda paani kutafuta jua, na funguo za paa anazo keateka. Ramani ya aina hii haikukosewa, ilipigiwa hesabu: kila futi ya ua ni singo moja isiyolipwa kodi.

Wapangaji nao wana ramani yao. Karibu na 56 kuna jengo ambalo dirisha moja la chini limekuwa duka. Mkono unatoka katikati ya vyuma na maziwa, unarudi na pesa. Keateka amekataza biashara, amebandika hadi karatasi getini. Sigara zake hununua pale.