Lebo Haimtaji Kifaru

Kuna aina ya uandishi ambayo sisi watu wa hadithi huwa tunairuka: yale maelezo mafupi yanayobandikwa kando ya vitu vya kale kwenye minada na makumbusho. Nimeyasoma sana siku hizi, hasa yanayohusu mipini ya majambia, na naona yanafaa kuhakikiwa kama riwaya tu. Yana sauti, yana mhusika mkuu, na kuna mtu huachwa nje.

Chukua keris, jambia la Java. Mpini wake hung'oka kirahisi kutoka kwenye chuma, na Wajava wenyewe huubadilisha, kwa hivyo anayekusanya mipini peke yake hafanyi kioja. Mingi ni ya mbao. Ule wa Java ya kati ni kama umbo la mtu aliyeinama, lakini limelainishwa mpaka uso haupo tena, umebaki mkunjo. Maelezo mazuri ya keris hukufundisha kuangalia huo mkunjo. Hapo sina ugomvi.

Ugomvi wangu unaanzia Yemen, kwa sababu hiyo stori ni yetu pia. Jambia la Yemen thamani yake iko kwenye mpini, na mpini uliosifiwa kuliko yote ulikuwa wa pembe ya kifaru. (Binamu yake wa Oman, hanjari, yuko hadi kwenye bendera ya taifa, na masultani wa Zanzibar walipigwa picha wakiwa nayo kiunoni.) Pembe ya kifaru imeumbwa kwa kitu kilekile cha kucha zako. Ikishikwa na viganja vya baba, mwana na mjukuu, hung'aa, na mwanga huanza kupenya pembeni kama kwenye asali. Mng'ao huo Wayemeni huuita sayfani, na wakusanyaji hulipenda sana neno hilo. Hata mimi nalipenda. Linakiri kwamba mchongaji hakumaliza kazi, kwamba wavaaji ndio walioimalizia.

Sasa rudi kwenye lebo. Inakupa karne, inakupa mji, inakupa fedha iliyonakshiwa. Pembe inatajwa kama vile ilichumwa mtini. Kumbe Kenya ilikuwa na vifaru weusi takriban 20,000 mwaka 1970, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 walikuwa chini ya 400. Katikati hapo bei ya mafuta ilipanda, Wayemeni wakaenda vibarua Saudia, wakarudi na pesa, na jambia ambalo zamani lilikuwa la wakubwa likawa la kila kijana. Si pembe zote zilienda huko, madawa ya Asia Mashariki yalikula nyingi. Tena biashara hizo mbili zilishikana: chenga zilizobaki baada ya kuchonga mpini ziliuzwa kwa watu wa dawa. Yemen ilipiga marufuku uingizaji mwaka 1982, biashara ikaendelea kichinichini. Kwa Kiswahili, mwenye nguvu ndiye huambiwa ameshika mpini. Sisi tulishikishwa makali.

Mtu ataniambia msanii hana hatia, tuhukumu mchongo. Sawa, tuuhukumu. Fundi yuleyule, nakshi ileile, mpe pembe ya nyati wa maji, ambayo ndiyo mafundi wengi wa Yemen walihamia. Bei inaanguka vibaya. Basi kile kilichokuwa kikisifiwa kwa maneno matamu ya sanaa kilikuwa nini? Nyati atapasuka mapema, wanasema, na hatakupa ule mng'ao wa asali. Hiyo hoja naiheshimu. Ila haielezi tofauti yote ya bei. Sehemu kubwa ya hiyo tofauti ni uadimu, na uadimu ulitengenezwa kwa risasi.

Na sisi watu wa Eastlands tusijitie utakatifu. Wachongaji wa Kikamba wa Gikomba na Pumwani, warithi wa ufundi ambao Mutisya wa Munge alirudi nao Wamunyu baada ya Vita vya Kwanza, walikula muhugu na mpingo mpaka msituni pakabaki haba. Leo wengi huchonga jakaranda, mwarobaini, hata mwembe. Nao huchonga mipini: vile vijiko vya saladi vyenye shingo ya twiga, ambavyo kila mtu mjini huvicheka kama vitu vya watalii. Mimi nimeacha kuvicheka. Shingo ile lazima ikae mkononi bila kuteleza, imuonyeshe twiga, na isikatike kwenye mchuzi. Hilo ni tatizo lilelile la fundi wa keris. Hakuna lebo inayolitaja, kwa sababu jakaranda imejaa barabarani na inaangusha maua kwenye mathree.

Juzi nilisimama Gikomba kwa mzee mmoja anayepiga msasa shingo kama hiyo kabla ya kuipaka rangi ya viatu. Nikamuuliza kama jakaranda inashinda muhugu.

"Muhugu ilikuwa inajichonga, kijana," akasema. "Hii lazima uibembeleze." Akaigeuza, akanionyesha mahali ambapo nyuzi za mti zilikuwa zinakwenda kombo, naye akapitisha pembe la twiga hapohapo ili lisivunjike. Halafu akaniuliza kama nanunua ama napiga picha tu.