Sonara wa Ubongo

Fedha tumezoea kuiona kwenye pete na vikuku. Pío del Río-Hortega, daktari wa Kihispania, aliipeleka kwenye ubongo, na kwa mikono yake tukazijua maikroglia, yaani seli za kinga zinazoishi ndani ya ubongo wenyewe.

Kipande cha ubongo kisichotiwa rangi, ukikitazama kwa hadubini, ni kama ukungu wa alfajiri. Santiago Ramón y Cajal alikuwa amekwisha kuzichora seli za neva kwa ufundi wa kustaajabisha, ila vilibaki viseli ambavyo rangi zake zilionyesha kiini tu, kama kokwa isiyo na tawi. Río-Hortega hakuridhika. Alilowesha kipande katika fomalini na bromidi, akakikata chembamba hata nuru ikapenya, akakitumbukiza katika kaboneti ya fedha iliyochanganywa na amonia, kisha akakirudisha kwenye fomalini. Hapo fedha ikakolea pale alipotaka, kama kwa sonara: kiwiliwili kidogo cheusi, na matawi membamba yenye vimiiba. Akaitangaza kazi hiyo mwaka 1919. Mwaka uliofuata akaondolewa kwenye maabara ya Cajal, alikokuwa akifanyia kazi. Mafahali wawili, zizi moja.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba hakuishia kwenye umbo. Alitazama sehemu zilizoumia, akaona seli zilezile zimekunja matawi, zimevimba, zinameza mabaki.

Daktari Alois Alzheimer naye, mwaka 1906, alitumia fedha kuona nyuzi zilizosokotana katika ubongo wa mgonjwa wake Auguste Deter, aliyefariki akiwa na miaka 55. Leo tunajua kwamba katika ugonjwa uliopewa jina lake, penye madoa ya protini ya amiloidi maikroglia hujikusanya, zikayakumbatia na kuyabana. Mwaka 2013 ikabainika kwamba hitilafu fulani katika jeni ya TREM2, ambayo seli hizi huitegemea, huongeza sana hatari ya ugonjwa wa Alzheimer. Panya wasio na jeni hiyo, kumbatio lile kwao hulegea. Lakini tusizisifu kupita kiasi: katika panya wa maabara zimeonekana pia zikimeza maungio ya seli za neva, yale yanayopitisha habari kutoka seli moja hadi nyingine.

Río-Hortega alifia ugenini, Buenos Aires, mwaka 1945. Michoro yake ipo. Itafute, uitazame taratibu, tawi kwa tawi.